Kipima kina cha boti: Namna ya kukirekebisha katika maji ya Mombasa

KIPIMA kina ni mashine ndogo inayofungwa kwenye boti ili kumwonyesha nahodha umbali uliopo kati ya chombo chake na sakafu ya bahari. Hufanya kazi kwa mwangwi. Kipande kiitwacho transdusa, ambacho hukaa majini chini ya boti, hutoa mlio mfupi ambao sikio la binadamu haliusikii. Mlio huo hushuka, hugonga chini na kurudi. Mashine huhesabu muda wa safari hiyo, huuzidisha kwa kasi ya sauti majini, hugawanya kwa mbili, kisha huandika nambari kwenye skrini.

Nambari hiyo huaminiwa na wengi bila maswali. Hata hivyo, kitu pekee ambacho mashine yenyewe imekipima ni muda. Mengine yote, yaani kasi ya sauti, mahali panapohesabiwa kuwa sufuri, na mwangwi upi usikizwe na upi upuuzwe, imeambiwa na mtu. Iwapo hakuna aliyeiambia, hufuata mipangilio ya kiwandani, na waliotengeneza mashine hawakuwa wakiwaza kivuko cha Likoni wala matope ya Mwache.

Manahodha wa majahazi wa zamani walitumia bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba yenye alama, na kina kilihesabiwa kwa pima. Bildi ilikuwa polepole na ilimchosha baharia, lakini ilikuwa na sifa moja ambayo mashine haina: ilipogusa chini, iligusa chini kweli. Fikra ya kutumia sauti badala ya kamba ilipata nguvu baada ya meli ya Titanic kuzama mwaka 1912. Mjerumani Alexander Behm alisajili uvumbuzi wake mwaka 1913, na mwaka 1948 ndugu wa ukoo wa Furuno nchini Japani walitoa mashine ya kwanza ya kutafutia samaki kwa mwangwi iliyofaa kazi ya wavuvi. Mashine zinazouzwa leo kwa ajili ya boti ndogo ni wajukuu wa hiyo.

Sufuri iko wapi?

Marekebisho ya kwanza, na yaliyo muhimu kuliko yote, ni ya kuamua sufuri iko wapi. Mashine mpya kwa kawaida huhesabu kina kuanzia kwenye transdusa, wala si kuanzia kwenye uso wa maji au chini ya mkuku. Chukua mfano wa boti ambayo transdusa yake iko sentimita 30 chini ya uso wa maji, na mkuku wake sentimita 70. Skrini ikionyesha mita 1.0, nahodha anaweza kudhani kuwa ana mita nzima ya maji chini ya chombo, ilhali zimebaki sentimita 60 tu.

Anayetaka kujua maji yaliyo chini ya mkuku huiagiza mashine ipunguze sentimita 40, yaani huandika -0.4. Anayetaka kina kamili kuanzia usoni mwa bahari huiagiza iongeze sentimita 30, yaani +0.3. Manahodha wawili wenye boti zinazofanana, mmoja akiwa amechagua njia ya kwanza na mwenzake ya pili, watapishana kwa sentimita 70 wakiwa juu ya fungu lilelile la mchanga, na kila mmoja atakuwa amesema kweli. Ndiyo maana kumuuliza mwenzako kwa redio "una maji kiasi gani hapo?" ni swali lisilo na jibu mpaka ijulikane sufuri yake imewekwa wapi.

Ipi iliyo bora? Kwa boti ndogo inayobeba watu na mizigo, hesabu ya chini ya mkuku ina faida moja isiyotajwa sana. Boti ikipakiwa na kuzama zaidi, transdusa na mkuku hushuka pamoja, hivyo tofauti kati yao haibadiliki na nambari hubaki sahihi. Hesabu ya kuanzia usoni mwa maji huharibika mara tu abiria 10 wanapopanda. Kwa upande mwingine, anayesafiri kwa kulinganisha skrini na chati hana budi kutumia hesabu ya uso wa maji. Jambo lisilokubalika ni kutojua ni ipi inayotumika. Aidha, kwenye boti yenye injini ya kupachika, sehemu iliyo chini kabisa mara nyingi si mkuku bali ncha ya injini iliyo chini ya rafadha, na hiyo ndiyo inayofaa kupimwa.

Upimaji wenyewe unahitaji utepe wa fundi na dakika chache ufuoni, boti ikiwa imepakiwa kama inavyopakiwa siku ya kazi.

Hesabu ya bamvua

Mashine huonyesha kina cha sasa hivi. Haijui kitakuwaje baada ya saa sita, na hapo ndipo wageni wa pwani hii huumbuka. Katika bandari ya Kilindini tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyopwa hupita mita 3 wakati wa bamvua, ilhali wakati wa maji mafu hukaribia mita 1 tu. Boti inayoingia mkono wa Tudor kuelekea Junda na Mishomoroni bamvua limejaa, skrini ikionyesha mita 3 kuanzia usoni mwa maji, inaweza kukutwa imekaa juu ya tope kabla ya magharibi. Kipima kina hakikukosea hata sentimita moja.

Chati za baharini nazo huandika kina cha wakati ambapo maji yamepwa sana. Kwa hiyo kina kilicho kwenye chati sharti kiongezwe urefu wa maji uliomo katika jedwali la kujaa na kupwa la siku hiyo. Pakiandikwa mita 1.5 na jedwali likitaja mita 2.4, mashine iliyowekwa kwa hesabu ya uso wa maji yapasa kuonyesha takriban mita 3.9. Ikionyesha mita 2.9, mambo ni mawili: ama mipangilio ina kasoro, ama sakafu ya bahari imebadilika.

Uwezekano wa pili si wa kupuuzwa upande wa Changamwe na Port Reitz. Tuta la Makupa, lililojengwa mwaka 1929, liliziba njia ya maji kati ya mkono wa Tudor na ule wa Port Reitz kwa takriban miaka 90, hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 2022 na maji kuanza kupita tena. Mlango wa Kilindini nao umechimbwa ili kupitisha meli kubwa zaidi. Mito ya Mwache na Cha Shimba humwaga udongo Port Reitz kila masika, na Kombeni na Tsalu hufanya vivyo hivyo Tudor. Kumbukumbu ya mzee aliyevua hapo miaka 30 iliyopita ni hazina kubwa, lakini ni kumbukumbu ya sakafu iliyokuwapo wakati huo.

Usikivu na mwangwi wa uongo

Usikivu wa mashine ni kama sauti ya redio. Ukiwa chini mno, samaki na hata sakafu laini hupotea. Ukiwa juu mno, skrini hujaa vumbi. Njia iliyozoeleka ni kuuongeza polepole mpaka vidoadoa vianze kutapakaa kwenye skrini nzima, kisha kuupunguza mpaka vitoweke na mstari wa sakafu ubaki dhahiri. Mashine nyingi zinaweza kujirekebisha zenyewe, na hakuna ubaya kuziachia kazi hiyo katika maji ya kawaida. Matatizo huanza kwenye maji haba.

Juu ya mwamba wa matumbawe au mchanga mgumu, mlio hurudi ukiwa na nguvu nyingi. Hufika kwenye uso wa maji, hugonga, hushuka tena na kurudi mara ya pili. Mashine yenye usikivu mkubwa huchora basi sakafu mbili, ya pili ikiwa na kina mara mbili ya ile ya kwanza. Nahodha mzoefu hufaidika na mwangwi huo wa pili, kwani humjulisha kuwa chini ni pagumu na nanga inaweza kuteleza. Hatari huja pale boti inapofika kwenye maji yanayokaribia nusu mita. Transdusa haiwezi kusikia papo hapo inapomaliza kupiga mlio. Huhitaji muda mfupi mno wa kutulia, na mwangwi unaorudi ndani ya muda huo haupokewi. Mashine hunasa ule wa pili. Maji ya sentimita 50 huandikwa kuwa mita 1. Aina nyingine hupoteza sakafu kabisa na kuacha nambari ya mwisho ikimetameta, ambayo baharia aliyechoka huisoma kana kwamba ni ya sasa.

Dawa ni kupunguza usikivu na kuacha kuitegemea mashine mara tu kina kinapokaribia mita moja. Upondo hausemi uongo hapo.

Kwenye tope hali hugeuka. Mashine nyingi za boti ndogo hutumia masafa mawili ya mawimbi, kilohezi 200 na kilohezi 50. Mawimbi ya kilohezi 200 ni mafupi, chini ya sentimita moja kila moja, na hurudi yanapogusa uso wa tope. Yale ya kilohezi 50 ni marefu mara nne, na katika tope laini sana hupenya hadi yapate tabaka gumu zaidi. Karibu na mikoko ya Mwache nambari mbili tofauti zinaweza kutokea mahali pamoja, na zote mbili zina maana: ya kwanza ni pale tope linapoanza, ya pili ni pale linapoweza kuizuia boti. Anayejali rafadha yake afuate ile ndogo.

Kivuko cha Likoni

Mnamo Septemba 29, 2019, gari liliteleza kutoka kwa feri ya MV Harambee likatumbukia katikati ya kivuko cha Likoni, likiwa na mama na bintiye. Wanamaji wa Kenya, maafisa wa idara nyingine na wapigambizi waliotoka Afrika Kusini walilitafuta kwa siku nyingi, huku umma ukiuliza kwa hasira ni vipi kitu kikubwa kiasi hicho kinaweza kukosekana katika mkondo mwembamba unaoonekana ng'ambo hadi ng'ambo. Gari lilitolewa Oktoba 11, kutoka kina cha mita 58.

Sehemu ya jibu imo katika umbo la mlio wenyewe. Sauti haitoki kwenye transdusa kama uzi. Hupanuka kama pia iliyogeuzwa. Transdusa ya kilohezi 200 yenye upana wa nyuzi 20 huangaza duara la takriban mita 3.5 kwa upana kwenye kina cha mita 10. Kwenye mita 58 duara hilo hufikia mita 20. Mashine haijui mwangwi umetoka sehemu gani ya duara; huchukua unaotangulia kurudi na kuuchora kana kwamba umetoka chini wima. Gari la mita 4 likiwa limelala ndani ya duara la mita 20, juu ya sakafu yenye mawe na mabonde, huwa nundu ndogo tu kwenye mstari, au halionekani kabisa.

Kwa kazi kama hiyo hutumika sona ya ubavuni, ambayo hutuma mawimbi membamba pande mbili za chombo na kuichora sakafu kipande kwa kipande mpaka ipatikane picha yenye vivuli. Hata picha hiyo haimalizi neno. Mwamba na gari vinaweza kutoa vivuli vinavyofanana, hivyo kila mahali panapotiliwa shaka sharti pakaguliwe kwa kamera au na mpigambizi, naye katika kina cha mita 58 hawezi kukaa chini muda mrefu. Tatizo la Likoni basi halikuwa kwamba hapakuwa na mashine ya kupima kina. Mashine ya kupima kina si mashine ya kutafutia kitu kilichozama, na hakuna kitufe cha kuigeuza iwe hivyo.

Umbo hilohilo lina athari kwa msafiri wa kawaida. Boti ikipita kandokando ya ukuta wa mkondo, sehemu ya ukuta iliyo karibu hujibu kabla ya sakafu iliyo chini wima, na skrini huonyesha kina kifupi kuliko kilichopo. Kwa usalama, kosa hilo ni la upande mzuri. Kwa mvuvi anayetaka kushusha mshipi kwenye shimo lenye samaki, ni hasara ya asubuhi nzima, na tiba yake ni kuchagua kilohezi 200, ambazo pia yake ni nyembamba kuliko ile ya kilohezi 50.

Kivukoni pia kuna kelele. Feri, tagi na meli zinazoingia bandarini zina mashine zao za mwangwi, na rafadha zao huchafua maji kwa mapovu. Kichujio cha kelele huongezwa hapo, kisha hupunguzwa boti inapotoka nje, kwa sababu kichujio kikali hakichagui. Hufuta kelele pamoja na samaki. Vidoadoa vikibaki hata mahali patulivu, injini izimwe kwa muda. Vikitoweka, chanzo ni nyaya za injini zilizopitishwa bega kwa bega na waya wa transdusa, na hakuna mpangilio wa skrini utakaotibu hilo.

Chumvi na joto

Sauti husafiri takriban mita 1,540 kwa sekunde katika bahari yenye joto la nyuzi 27 kama ya Mombasa. Katika Ziwa Victoria, ambalo maji yake hayana chumvi, ni karibu mita 1,500. Mashine iliyoachwa kwenye mpangilio wa mita 1,500 hupunguza kina halisi kwa asilimia 2 hadi 3: sentimita 13 kwenye mita 5, na mita moja na nusu kwenye kina cha mita 58. Nahodha wa boti ya abiria hana haja ya kukosa usingizi kwa ajili ya hilo. Achague maji ya chumvi kwenye mipangilio, basi. Lililo zito zaidi ni kwamba chumvi hula sauti, hasa ya masafa ya juu, na mashine iliyosifiwa dukani kuwa hufika mita 300 huenda ilipimwa ziwani.

Nje ya mwamba

Upande wa Kisauni, kuanzia Bamburi hadi Shanzu, mwamba wa matumbawe hutenganisha maji haba ya ndani na bahari kuu, na ukishavukwa, kina huongezeka upesi. Kilomita chache tu kutoka ufuoni hupita mita 200. Kwenye kina hicho kilohezi 200 huchoka, na hapo ndipo kilohezi 50 huchukua nafasi. Sehemu ya maji hayo imo ndani ya hifadhi ya baharini iliyotangazwa mwaka 1986, na katika eneo la mbuga uvuvi hauruhusiwi, hivyo mashine humo ni ya kuongozea boti tu.

Kurudi ndani kupitia mlango wa mwamba ndiko kunakojaribu kengele ya maji haba. Boti inayokwenda kilomita 9 kwa saa hukata mita 25 kwa sekunde 10. Kwenye ukingo wa matumbawe, mita 25 zinatosha kutoka kina cha mita 10 hadi kwenye mwamba wenyewe. Kengele iliyowekwa mita 2 italia boti ikiwa imekwisha kugonga. Iwekwe mita 6 au 8 nje ya mwamba, kisha ishushwe hadi mita 2 boti inapoingia kwenye maji ya ndani na kupunguza mwendo. Kuna wanaoiacha mita 8 siku zote, ikawa inalia kutoka Nyali hadi Mtwapa, na mwishowe huizima. Vilevile ikumbukwe kuwa transdusa hutazama chini, haitazami mbele. Mwamba ulio mita 15 mbele ya omo bado haupo kwenye skrini.

Majira ya kusi, bahari ikichafuka, mstari wa sakafu hupanda na kushuka kwa sababu boti yenyewe inapanda na kushuka, na mapovu yanayopita chini ya mkuku hukata mwangwi. Kuongeza usikivu hakusaidii. Kupunguza mwendo husaidia.

Ufungaji ni nusu ya kazi. Mashua za mbao haziwezi kuwekewa transdusa ndani ya ubao kama ifanyikavyo kwenye boti za faiba, kwa kuwa mbao humeza sauti. Sharti iguse maji. Hufungwa tezi, mbali na rafadha. Rafadha ikizunguka kama mishale ya saa mtu akiitazama kutoka nyuma, upande wa kulia una mapovu machache zaidi. Uso wake husuguliwa kwa kitambaa kila wiki chache, maana vijidudu vyenye magamba vya Kilindini havichelewi kuufanya makao. Betri dhaifu nayo hupunguza nguvu ya mlio, na dalili yake ni sakafu inayopotea kwanza kwenye maji marefu.

Baada ya mipangilio yote, jaribio moja linabaki. Maji yakiwa yametulia kati ya kujaa na kupwa, boti ikiwa imetia nanga juu ya mchanga ulio tambarare, bildi au jiwe lililofungwa kwenye kamba hushushwa kando ya transdusa, kamba huwekwa alama kwenye uso wa maji na kupimwa kwa utepe. Kipimo hicho hulinganishwa na skrini, mara moja kwenye mita 2 au 3 na mara nyingine kwenye mita 10. Tofauti ikiwa ileile mahali pote pawili, kasoro iko kwenye sufuri. Ikiongezeka kadiri ya kina, kasoro iko kwenye kasi ya sauti. Matokeo huandikwa kwa rangi isiyofutika kando ya skrini, pamoja na neno "mkuku" au "maji", ili atakayeshika usukani kesho ajue anachokisoma.